Skipu Mbele ya Nyumba ya Susu

Lori lilifika Jumanne saa mbili asubuhi, na skipu tupu mgongoni, minyororo ikigonga chuma kila tairi ilipoingia shimoni. Dereva alisimama mbele ya nyumba ya marehemu susu, akashusha kioo na kuniuliza swali moja tu: "Boss, karatasi iko?"

Nikamuuliza karatasi gani. Nilikuwa nimeshalipa kodi ya skipu, siku tano, pesa nzuri tu.

"Ya kuweka hii kitu barabarani," akasema. "Skipu ni yetu, lakini hapa chini si petu. Na si pako pia." Alicheka, lakini si kwa ubaya, kisha akageuza lori na kurudi alikotoka. Sikuwa na wa kumlaumu. Aliponipa bei kwa simu wiki iliyotangulia, aliniambia nitafute kibali kwanza. Mimi nilisikia bei peke yake.

Nyumba ya susu iko mjini Machakos, kwenye moja ya zile barabara nyembamba ambazo matatu haziingii ila zikiwa zinakwepa msongamano. Ni ya mawe, paa la mabati. Ukuta wa nyuma ulianza kulala tangu mvua za mwaka juzi. Familia ilikaa, ikabishana, ikakubaliana: ibomolewe kabla haijaangukia mtu. Mimi ndiye niliyekuwa sina kazi ya kuajiriwa wakati huo, kwa hiyo mimi ndiye niliyepewa mradi. Fundi alikadiria vifusi vya skipu mbili. Uwanja wa ndani ni mdogo, lori haliingii. Lazima skipu ikae nje, kwenye ule ukanda wa udongo kati ya ukuta wetu na lami.

Huo ukanda ndio stori yenyewe. Ni hatua nne kwa upana. Nimeuvuka maisha yangu yote na sijawahi kujiuliza ni wa nani.

Alasiri ile nilienda kuuliza. Nilipitia ofisi mbili, na nikupe haki yako wewe msomaji: sikuombwa kitu kidogo, wala sikufokewa. Afisa aliyenipokea alikuwa mtulivu, karibu rika la mamangu. Alinielezea kama mwalimu. Swali la kwanza, alisema, si skipu ni kubwa kiasi gani. Swali la kwanza ni barabara ni ya nani.

Nilidhani barabara ni barabara. Kumbe Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za mashambani. Kisha Katiba ya 2010 ikaja na kukabidhi barabara za kaunti kwa kaunti. Kwa hiyo ukitaka kuweka skipu kando ya barabara ya Mombasa pale Mlolongo au Athi River, ambako pia ni Machakos, unazungumza na watu wengine kabisa, maana ile ni ya KeNHA. Barabara yetu ilikuwa ya kaunti. Hapo nikashukuru Mungu, safari moja imepungua.

Swali la pili ni taka zinaenda wapi na nani anazibeba. Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006, zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinasema hakuna kusafirisha taka bila leseni ya NEMA. Kwa hiyo nilihitaji nakala ya leseni ya mwenye lori. Akaniuliza paa ni la nini. Mabati, nikasema. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lingekuwa la asbesto, hiyo ni taka hatari na ina utaratibu wake. Akaniuliza kama ruhusa ya kubomoa tunayo. Hiyo tulikuwa nayo, mjomba alishughulika nayo mapema. Halafu akaniambia niandike barua: siku ngapi, kuanzia lini, na niambatishe mchoro wa mahali skipu itakapokaa, kwa vipimo. Isizibe mtaro. Isizibe njia ya watu kwa miguu. Iwe na alama zinazong'aa usiku.

Nilirudi nyumbani nikachora. Ukuta hapa, lango hapa, mtaro hapa, lami hapa. Katikati nikachora mstatili na kuandika SKIPU kwa herufi kubwa. Mchoro safi kabisa. Ijumaa nikarudi na barua, nikalipa ada kwa simu, na nikapigiwa muhuri. Siku tano, kuanzia Alhamisi iliyofuata.

Nikampigia dereva. "Karatasi iko," nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

*

Sasa, mimi nilisomea historia chuo kikuu, digrii ambayo wajomba zangu huitaja kwa upole, kama ugonjwa. Usiku ule nilikaa na kile kibali mezani na kuanza kufikiria jambo ambalo tulilisoma kidato cha pili na kulisahau baada ya mtihani.

Machakos ni mji wa zamani kuliko Nairobi. Jina lenyewe ni la mtu, Masaku, kiongozi wa Wakamba aliyeishi maeneo haya. Wageni walilitamka vibaya na kosa likabaki kwenye ramani. Wazee wetu bado wanasema wanaenda Masaku. Mwaka 1888 Kampuni ya Imperial British East Africa ilipewa hati ya kifalme kule London, hati iliyoiruhusu kufanya biashara na kutawala sehemu hizi. Muda si mrefu ikajenga kituo chake hapa. Mwaka 1892 akaja John Ainsworth kukisimamia.

Kituo kinahitaji bendera, na bendera inahitaji mlingoti. Vitabu vyetu vya historia vya sekondari vinasimulia kwamba watu wa Kampuni walienda kukata mti wa ithembo ili wapate mlingoti. Kama wewe si Mkamba, ithembo ni mahali pa kuomba na kutoa sadaka, hasa mvua ikikawia, na kwa kawaida pana mti mkubwa. Mti ule haukatwi. Hata kuni zilizoanguka chini yake haziokotwi ovyo. Wakamba walikasirika, na mapigano yakafuata.

Tulipofundishwa hadithi hii, ilikuwa moja ya "sababu za upinzani wa Wakamba", nambari tatu au nne, unakariri unaenda. Usiku ule niliisoma tofauti. Niliona kwamba watu wa Kampuni hawakuwa bila kibali. Walikuwa nacho, tena kikubwa, chenye muhuri wa malkia. Kilichokosekana ni kwamba waliokitoa hawakuwahi kuuona ule mti, na waliokuwa wakiomba chini yake hawakuulizwa. Karatasi ilikuwa halali kwa aliyeiandika.

Nikatazama mchoro wangu. Ukuta, lango, mtaro, lami, skipu. Kuna kitu kilinisumbua na sikujua ni nini. Nikaenda kulala.

*

Asubuhi niliendelea kusoma badala ya kupanga vyombo vya susu, kazi niliyokuwa nikiikimbia. Ukifuata karatasi katika historia ya mji huu unaweza kwenda mbali sana.

Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi bila kupita Machakos, na Ainsworth akahamisha makao yake kuifuata. Mji wetu ukabaki kando. Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi, na wakuu wakaamua kuchoma soko la Wahindi. Tangu mwanzo, taka katika nchi hii hazikuwa suala la usafi tu. Anayesema pale pachafu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kusema waondoke. Mwaka 1921 ikaja sheria ya afya ya umma, na mpaka leo iko vitabuni, Sura ya 242, imefanyiwa marekebisho mengi. Neno lake kubwa ni kero: afisa akiona kero anaweza kuagiza iondolewe. Kero inaweza kuwa lundo la taka, na inaweza kuwa meza ya mtu.

Si sisi peke yetu. Paris, mwaka 1883, gavana wa mkoa aitwaye Eugène Poubelle aliagiza kila mwenye nyumba aweke vyombo vya taka. Waokota taka waliokuwa wakiishi kwa kuchambua malundo ya barabarani walilalamika sana, maana amri ile ilikula chakula chao. Wafaransa wakalipiza kwa kuliita pipa la taka kwa jina lake, na bado wanaliita hivyo. Na skipu za kuinuliwa na lori, kama hii niliyokodi, asili yake moja ni Knoxville, Marekani, ambako George Dempster alibuni mfumo wa sanduku la chuma linalonyanyuliwa na gari miaka ya 1930. Baadaye akawa meya wa mji huohuo. Yaani mtu mmoja alikaa pande zote mbili za kaunta: upande wa anayeweka sanduku na upande wa anayeruhusu liwekwe. Wengi wetu tuna upande mmoja tu.

Babu zetu walikuwa na upande mmoja. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimu wanaume wazima Waafrika kubeba kipande, alama za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya kijaluba cha chuma shingoni. Neno lenyewe halijatuacha. Ukisimamishwa na polisi usiku leo, hakuulizi kitambulisho, anakuuliza kipande.

Kisha 1938. Hapa ndipo susu anapoingia.

Serikali ya kikoloni iliamua kwamba ng'ombe wa Wakamba wamezidi na udongo wa Machakos unakwisha. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Picha za vilima vile zinatisha. Lakini ardhi ya malisho ilikuwa imechukuliwa na walowezi, hilo halikuandikwa kwenye amri. Wilaya ikaamriwa kupunguza mifugo, ng'ombe wakakamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na pale Athi River palikuwa na kiwanda kipya cha nyama cha Liebig kilichohitaji ng'ombe wa bei rahisi. Karatasi zote zilikuwa sawa.

Mwezi wa Julai, watu wapatao elfu mbili, wanaume, wanawake na watoto, wakaondoka kwenda Nairobi, zaidi ya kilomita 60, wengi kwa miguu. Kiongozi wao alikuwa Samuel Muindi Mbingu wa chama cha Ukamba Members Association. Walitaka kumwona gavana. Walipiga kambi Nairobi kwa majuma. Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, mbali na ng'ombe, mbali na kila mtu. Lakini kabla mwaka haujaisha, serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza mifugo.

Susu alikuwa mtoto mdogo. Alikumbuka vumbi, na kwamba babake alirudi amekonda na viatu vya mtu mwingine. Mara moja nilimuuliza, kwa lugha yangu ya chuo, kama yale yalikuwa maandamano ya ukombozi. Alinitazama kama mtu anayetazama chai isiyo na sukari.

"Hawakwenda kupigana," akasema. "Walikwenda kuuliza. Ng'ombe ni wangu, mbona hukuniuliza?"

*

Jumatatu nilitoka kununua mkate. Nilifungua lango na kukanyaga ule ukanda wa udongo, na nikakaribia kujikwaa kwenye kreti ya nyanya.

Hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kikinisumbua.

Mama wa mboga amekaa kwenye ukuta wetu tangu nikiwa shule ya msingi. Meza ya mbao, mwavuli wa kampuni ya simu uliopauka, kreti tatu, sukuma wiki imepangwa kwa mafungu. Susu ndiye aliyemwambia akae pale, wakati mume wa huyu mama alipofariki. Hakukuwa na karatasi. Kulikuwa na kikombe cha chai kilichokuwa kikipitishwa juu ya ukuta kila saa nne, na miaka ya mwisho, susu alipokuwa hawezi kutoka, kilikuwa kikipitishwa kutoka upande wa pili. Kila siku mama huyu hulipa ushuru wake na kupewa risiti, kijikaratasi chembamba kinachokufa jioni. Akirudi kesho analipa kingine. Miaka yote hiyo pale, na haki yake inadumu siku moja moja.

Nilikuwa nimechora mstatili wangu juu ya meza yake. Kwa vipimo.

Sikufanya kwa ubaya, na ndilo linaloniudhi. Nilikaa na daftari, nikapima kwa futi ya fundi, yeye akiwa pale pale akimenya njegere, hata akanisogezea kreti ili utepe upite. Nikaandika mtaro. Nikaandika lango. Fomu haikuuliza kama kuna mtu, na mimi sikujiuliza. Afisa naye angejuaje? Alipiga muhuri kwenye nilichomwonyesha. Usiku ule nilikuwa nimewasema watu wa Kampuni na mti wao wa ithembo, na kibali changu kiko mezani kinakauka wino.

Nikamwamkia. Nikazunguka zunguka kwa habari za mvua. Mwishowe nikamwambia: skipu inakuja Alhamisi, siku tano, na nimepata kibali.

Aliendelea kumenya. "Inakaa wapi?"

"Hapa."

Akatazama chini, kwenye udongo, kama anayekisia ukubwa. "Siku tano," akasema. Hakulalamika. Nadhani ningefurahi kama angelalamika. Alianza kuhesabu kwa sauti ya chini: mboga alizoagiza za Alhamisi, deni la chama la Ijumaa, Jumamosi ndiyo siku yake ya pesa. Halafu akasema, "Sawa, kijana wangu. Kama una karatasi."

Kama una karatasi. Ningeweza kuishia hapo. Sheria ilikuwa upande wangu kuanzia NEMA mpaka mtaroni.

"Mama," nikamwambia, "nilikosea. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Wewe ungependa iwe vipi?"

Kwanza alidhani ninamzungusha. Nikarudia. Akaweka kisu chini, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimeenda kwa maofisa wote isipokuwa mtaalamu. Huyu mama anaujua ukanda ule kuliko ramani yoyote. Jumapili hauzi, yuko kanisani mpaka saa nane. Jumamosi akimaliza ni saa kumi na moja jioni. Lori la taka ya barabara yetu hupita siku gani, analijua. Kule upande wa mwembe, hatua kumi na mbili kutoka langoni, mtaro umefunikwa kwa slabu na hakuna mtu anayepita, ila slabu moja ina ufa, skipu isiikanyage. Maji ya mvua yanakoelekea, anajua. "Fundi wenu abomoe wiki nzima, vifusi mviweke ndani," akasema. "Jumamosi jioni mlete hiyo kitu. Vijana wa hapa watajaza kwa wilibaro usiku na Jumapili. Jumatatu alfajiri iondoke. Mimi nikifika, nafagia."

Nilirudi ofisini na mchoro mpya. Afisa aliutazama, kisha akanitazama. "Huyu ni nani?" akauliza, kidole kikiwa kwenye kiboksi kidogo nilichoandika MEZA YA MBOGA.

"Ni jirani. Alikuwepo, nilimsahau."

"Fomu haina nafasi ya majirani," akasema. Alifikiri kidogo, akafuta siku tano, akaandika mpya, akaweka sahihi pembeni. Kisha, kwa kalamu yake mwenyewe, akachora mshale kutoka kwenye meza ya mboga hadi kwenye skipu na kuandika: mita tatu, isipungue.

*

Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, Kifungu cha 42, na inaipa kaunti kazi ya kuondoa taka. Sheria ya taka ya 2022 inatutaka tutenganishe taka nyumbani. Ni mambo mazuri na ninayataka. Sitaki mtu yeyote asome hii aseme vibali ni upuuzi, tuweke skipu tunapotaka. Bila kile kibali ningeziba mtaro, na mvua ya Novemba ingeingia kwa watu. Afisa alinikinga na ujinga wangu wa barabara. Lakini kibali kinajibu swali linaloulizwa tu, na mwenye kujaza fomu ndiye anayejua nani hajatajwa.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni lori lilirudi. Dereva yuleyule. Akashusha kioo. "Karatasi iko?"

Nikampa. Akaisoma kwa tochi ya simu, akafika kwenye mshale, akainua macho kuangalia. Meza ilikuwa imeshafungwa, imeegemezwa ukutani, turubai juu. Mama wa mboga alikuwa hajaondoka. Alisimama kando ya ile slabu yenye ufa, mkono juu, akimwelekeza arudi nyuma, kidogo, kidogo tena, hapo.

Skipu ya pili tuliijaza Jumamosi iliyofuata. Mawe mazuri hatukuyatupa. Saba tuliyapanga chini ya meza yake, kwa sababu mvua ikinyesha, kreti za chini huwa zinalowa.